Tundu la kaa lina habari gani? Jibu kwa mwalimu aliyeuliza kuhusu Adolf Seilacher

Swali: "Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari hapa Kigamboni. Nimesoma kumbukumbu ya Adolf Seilacher, Mjerumani aliyetumia maisha yake kuchunguza nyayo na mashimo ya wanyama wa kale. Wanafunzi wangu wameniuliza: mtu anapataje tuzo ya dunia kwa kusoma mashimo matupu? Halafu yale matundu tunayoyaona kwenye miamba ya Oysterbay, nayo ni visukuku? Klabu yetu ingependa kufanya jambo la vitendo ufukweni. Tuanzie wapi?"

Mwalimu, nianze na swali la wanafunzi, maana ni swali zuri kuliko wanavyodhani. Kombe au mfupa hukwambia mnyama alikuwa nani. Tundu hukwambia alikuwa anafanya nini, na kwamba alilifanya papo hapo ulipolikuta. Kombe huweza kubebwa na mawimbi mwendo mrefu baada ya mwenyewe kufa, mzoga huelea, jino husukumwa na mto mpaka baharini. Tundu halina safari. Ukilikuta ndani ya jiwe, kwa kawaida unajua kwamba siku ile mchanga ulikuwa bado laini, palikuwa na hewa ya kumtosha kiumbe, na palikuwa na chakula au adui wa kumfanya achimbe. Isitoshe, wanyama wengi wa baharini hawana mfupa wala gamba, kwa hiyo wakifa hawaachi kitu. Minyoo ya mamilioni ya miaka tunaijua zaidi kwa njia zake kuliko kwa miili yake.

Seilacher alizaliwa Stuttgart mwaka 1925, akasomea Tübingen, akarudi hapo kuwa profesa mwaka 1964, na akafariki mwaka 2014 akiwa na miaka 89. Tuzo wanayoiulizia ni Tuzo ya Crafoord, aliyopewa mwaka 1992 na Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Sweden. Kabla yake, alama za aina hii zilikuwa zimepewa majina mengi kwa kufuata sura tu. Katika karne ya 19 wasomi wengi waliziona kuwa ni mwani uliogeuka jiwe, hadi Alfred Nathorst wa Sweden alipowatambaza wanyama hai juu ya tope na kuonyesha, mwaka 1881, kwamba nyingi ya zile "mwani" ni njia walizopita wanyama. Seilacher alichukua hatua iliyofuata: mwaka 1953 alizipanga alama kwa kazi aliyokuwa akiifanya mnyama. Aliziweka katika mafungu matano, na yote mnaweza kuyaonyeshana kwenye pwani ya Dar es Salaam bila kununua kitabu.

La kwanza ni alama ya kupumzika: kiti cha pweza akijizika mchangani huacha umbo lake la mikono mitano. La pili ni alama ya kutambaa au kutembea, kama mistari ya miguu ya kaa. La tatu ni makazi, yaani tundu lenye mlango ambalo mnyama hurudi kulala. La nne ni kuchimba huku akila, kama mnyoo anayekula tope analolipitia. La tano ni malisho: mnyama hupita juu au chini kidogo ya uso wa tope akiokota chakula kwa mpangilio, hageukii alikokwisha kula, kama mtu anayepalilia shamba tuta kwa tuta. Hilo la mwisho huonekana zaidi katika mawe ya bahari ya kina kirefu, na michoro yake ya kujipinda na kujizungusha ni miongoni mwa vitu vizuri kabisa katika sayansi ya mashapo.

Hapa kuna jambo linalowatatiza sana wanaoanza. Jina la alama si jina la mnyama. Kaa mmoja wa mchangani, yule mweupe anayekimbia upande upande, hutembea (alama moja), huchimba tundu (alama ya pili), na hutupa mchanga nje ya mlango (alama ya tatu). Kinyume chake, wanyama wasio na undugu wowote huweza kuchimba tundu la wima linalofanana kabisa, kwa kuwa wote wanakimbia mawimbi. Ndiyo maana alama zina majina yake ya kisayansi: bomba la wima lisilo na tawi huitwa Skolithos, awe amelichimba mnyoo au nani. Mwanafunzi akikuuliza "huyu alikuwa mnyama gani?", jibu la kweli mara nyingi ni kwamba tunaijua kazi yake na ukubwa wake, mwenyewe hatumjui.

Kazi iliyomjengea Seilacher jina kubwa zaidi ilikuja miaka ya 1960. Aligundua kwamba alama hutokea kwa makundi yanayojirudia duniani kote na katika zama zote, na akayahusisha makundi hayo na mazingira ya bahari. Sababu yake ni chakula. Pwani yenye mawimbi, chakula huelea ndani ya maji na mchanga huhamahama, hivyo mnyama hufaidika kwa kuchimba chini wima, kujikinga, na kuchuja maji mlangoni. Kwenye kina kilichotulia, chakula hutua na kulala ndani ya tope, hivyo mnyama hutembea kwa ulalo akikifuata. Nendeni mkalinganishe wenyewe: ufuko wa wazi wa Kigamboni una matundu mengi yanayoshuka chini, na tope lililo karibu na mikoko ya Kunduchi lina mikwaruzo na njia nyingi za juu juu. Waonye tu wanafunzi wasigeuze kanuni hii kuwa rula ya kupimia kina. Watafiti waliofuata wamekuta mabomba ya wima hata katika mchanga wa bahari kuu, mahali penye mkondo mkali. Kinachosomwa ni nguvu ya maji, hewa, chakula na ugumu wa sakafu. Kina huja nyuma ya hayo.

Kuna kazi yake nyingine ninayoipenda zaidi, nayo haitajwi sana. Mawe mengi ya bahari kuu ni tabaka la mchanga, tope, mchanga, tope, na wanajiolojia walibishana iwapo tabaka moja la mchanga lilijengeka polepole au lilimwagika kwa mara moja. Seilacher aliangalia upande wa chini wa tabaka za mchanga. Alitenganisha alama zilizokuwepo kwenye tope kabla mchanga haujaja, na zile zilizochimbwa baadaye na wanyama waliotoboa kutoka juu. Akakuta kwamba wale waliotoboa kutoka juu hufika chini pale tu tabaka lilipo jembamba. Tabaka likiwa nene, hawafiki. Kama mchanga ungejilaza kidogo kidogo, wangekuwa wamechimba katika kila ngazi. Basi ulimwagika wote mara moja, na wanyama wakaanza upya juu yake. Minyoo ilikuwa shahidi wa tukio la saa chache lililotokea makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita.

Na umuhimu wa matundu haukuishia kwake. Mwaka 1992 wanajiolojia walikubaliana mahali pa kuweka mwanzo wa kipindi cha Kambria, zama ambazo wanyama wa aina nyingi wanaanza kuonekana kwenye miamba: mwamba wa Fortune Head, Newfoundland, nchini Kanada. Alama waliyoichagua ilikuwa njia ya kuchimba, Treptichnus pedum, iliyoachwa na mnyama ambaye mwili wake haujulikani. Umri wake ni takribani miaka milioni 539. Ukurasa mmoja mkubwa wa historia ya dunia umefunguliwa kwa tundu.

Alikosea pia, na ni vizuri wanafunzi walijue hilo. Mwaka 1998 yeye na wenzake walitangaza mikunjo kwenye jiwe la mchanga la India ya kati kuwa njia za wanyama wa zaidi ya miaka bilioni moja. Vipimo vya miamba vilivyofuata vikaonyesha kwamba mawe yale yana miaka bilioni 1.6 hivi, pengo ambalo limewafanya wengi wasikubali kwamba ni kazi ya wanyama. Utando wa vijidudu juu ya mchanga, ukikauka, ukikunjika na kupasuka, huweza kuchora mistari inayofanana sana na njia ya mnyoo. Mtu aliyekuwa na jicho kali kuliko wote katika fani hii alidanganywa na ufa. Kwa hiyo daima uliza kwanza: je, kuna kitu kisicho hai kinachoweza kufanya hivi?

Swali hilo ndilo litakalowasaidia Oysterbay. Miamba ile ni matumbawe ya kale ya zama za Pleistosini, yaliyokua wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Ina matundu ya kila namna, na mengi si visukuku. Chukueni lenzi ya mkononi ya mara 10, rula na kamera ya simu. Mashimo yenye kingo kali zilizochongoka, yenye upana usio na utaratibu, ni kazi ya maji ya mvua na ya bahari kuyeyusha chokaa. Vitundu vingi vinavyolingana, kila kimoja kikiwa na kuta ndogo ndani kama miale ya nyota, ni tumbawe lenyewe: humo ndimo walimoishi wanyama waliolijenga. Ukiona uwazi wenye umbo la kombe, hapo palikuwa na kombe likayeyuka.

Yanayobaki ndiyo ya kutazamwa kwa makini. Mrija unaopungua unene kila unapotoa tawi ni mzizi wa mmea. Tundu la mnyama kwa kawaida hubaki na upana ule ule, kwa sababu mwili wa mnyama haupungui anapopiga kona. Pima kwa rula katika sehemu tatu. Kipimo hiki kimoja huwaokoa watu na makosa mengi.

Kisha amua kama tundu lilichimbwa au lilikerezwa. Mnyama akichimba mchanga laini, husukuma chembe kando na makombe madogo hubaki mazima pembeni mwa ukuta. Akikereza jiwe gumu, hukata kila kitu kilicho mbele yake. Angalia ukuta kwa lenzi: tumbawe au kombe likikatwa laini kama kwa kisu, jiwe lilikuwa tayari gumu. Katika chokaa ya pwani yetu wakerezaji wa kawaida ni kome wa jamii ya Lithophaga, ambao hulainisha chokaa kwa majimaji ya mwilini na kuacha chumba laini, mviringo, mlango mwembamba na tumbo pana, mfano wa chupa. Sifongo wakerezaji huacha vitundu vya milimita chache vilivyounganishwa na vyumba vidogo ndani.

Umri ni jambo jingine. Wakerezaji hawa wapo hai hadi leo, kwa hiyo tundu wazi linaloloweshwa na maji ya kila siku laweza kuwa la juzi. Kama limejaa mchanga ulioshikamana kuwa jiwe, ni la zamani. Na kama mstari wa vyumba vya chupa uko juu ya mahali maji ya bamvua (yale yanayojaa na kupwa kupita kawaida) yanapofika leo, mmepata jambo zito: kome hao huishi ndani ya maji ya bahari, basi bahari iliwahi kusimama pale, au ardhi imepanda. Nguzo za soko la Kirumi la Pozzuoli, Italia, zina mkanda wa matundu ya Lithophaga mita kadhaa juu ya sakafu, na ndizo zilizowashawishi wanajiolojia wa karne ya 19 kwamba ardhi huweza kuzama baharini na kupanda tena. Msivunje jiwe. Pigeni picha na rula pembeni, pimeni kimo, andikeni.

Sasa kazi ya klabu. Ninashauri mtengeneze umbo la tundu la kaa wa mchangani kwa plasta (unga mweupe wa jipsamu unaoganda ukichanganywa na maji), kwa sababu tundu lenyewe huwezi kulishika, ila umbo lake unaweza kulipeleka darasani. Chagueni siku ya bamvua: Dar es Salaam siku hizo maji huwa yamekupwa sana kwenye saa nne au saa tano asubuhi, nanyi mnapata nafasi ya kutosha. Siku za maji mafu pwani haifunguki vya kutosha kulinganisha ya chini na ya juu.

Kwanza hakikisheni tundu halina mwenyewe. Kummwagia kaa plasta ni kumuua bure. Jioni lainisheni mchanga kwa kiganja kuzunguka mlango, kiasi cha sentimita 30, na asubuhi tazameni kama kuna alama za miguu au lundo jipya la mchanga. Rudieni usiku wa pili, maana kaa huweza kukaa ndani siku nzima bila kutoka. Tundu lisilo na alama mpya kwa siku mbili ndilo mnalolitaka. Mkiona mburuto mpana kama wa tairi ukipanda kutoka majini, hiyo ni njia ya kasa aliyekuja kutaga. Hameni kabisa eneo hilo.

Kabla ya kumwaga chochote, pimeni kipenyo cha mlango, mwelemeo wa tundu, mahali linapoelekea (dira ya simu inatosha) na umbali wake kutoka mstari wa takataka za maji makuu. Mara nyingi matundu madogo huwa karibu na maji na makubwa huwa juu zaidi. Vipimo 20 au 30 vinatosha kuchora grafu ya kipenyo kwa umbali, na grafu hiyo peke yake ni somo la kipindi kizima.

Kiasi cha plasta hesabuni, msikisie. Tundu la kipenyo cha sentimita 4 na urefu wa sentimita 80 lina ujazo wa lita 1 hivi. Maji lita 1 na plasta ya Paris kilo 1 na robo hutoa karibu lita 1 na nusu, na ziada hiyo mtaihitaji. Unga wa jipsamu wa mafundi wa dari unaweza kutumika, lakini aina nyingi huwekewa dawa ya kuchelewesha kuganda. Jaribuni kwanza kwenye kikombe nyumbani. Maji yawe ya bomba. Ya bahari huharakisha plasta kuganda, nayo itakufia ndooni kabla hujainama. Nyunyizeni unga ndani ya maji, msimimine maji juu ya unga, vinginevyo mtapata madonge. Koroga taratibu ili usiingize mapovu, mpaka uji uwe kama uji mwepesi wa ulezi.

Loanisheni mlango kwa maji kidogo, kwa kuwa mchanga mkavu hunyonya maji ya plasta na kuiziba njia katikati. Tafuteni mlango wa pili. Matundu mengine yana umbo la Y. Mimina bila kusimama, kwa upande mmoja wa mlango, ili hewa itoke upande mwingine. Mkifikisha lita 2 na tundu halijajaa, plasta imevuja kwenye tundu la jirani: acheni hapo. Plasta hupata joto inapoganda, na mtu aliyeacha mkono ndani ya plasta nzito anaweza kuungua vibaya. Hakuna mtoto wa kutengeneza umbo la mkono wake, hata kwa mzaha.

Subirini saa moja na nusu, maana mchanga wa chini una unyevu. Kisha chimbeni kutoka pembeni, sentimita 30 mbali na mlango, mkikaribia kwa mikono na brashi. Mkivuta kutoka juu, umbo litakatika shingoni. Shimo lenu lisizidi magoti ya mwanafunzi mdogo kuliko wote. Likihitaji kwenda chini zaidi, tanueni kingo zake ziwe mteremko. Mchanga wa pwani hubomoka bila onyo na umewahi kufukia watu. Maumbo matatu yanatosha: la karibu na maji, la katikati na la juu. Vipande vilivyovunjika vipeni namba, gundi itafanya kazi shuleni. Mabaki yote ya plasta yaondoke nanyi, na shimo lifukiwe.

Msichukue plasta kwenda nayo kwenye tope la mikoko. Pale kuna viumbe jamii ya kamba wachimbao, wanaoacha vilima vidogo kama vichuguu, na matundu yao hushuka na kutawanyika kuliko mnavyoweza kuchimba. Yatazameni tu. Wengi wao hukandika kuta kwa vidonge vya tope ili mchanga usibomoke, na tundu la namna hiyo likigeuka jiwe huwa laini ndani na nje lina vinundu kama gunzi la mahindi. Jina lake ni Ophiomorpha. Mkiliona kwenye jiwe, mara nyingi mmesimama mahali palipokuwa pwani au bahari ya karibu na pwani.

Wanafunzi wakitaka mfano wa hapa nchini, waelezeni Laetoli. Zile nyayo za viumbe wa kale wa jamii ya binadamu, za miaka milioni 3.66, zilizofukuliwa na kikosi cha mtafiti Mary Leakey mwaka 1978 na 1979, ni visukuku vya aina ile ile aliyoisoma Seilacher: kazi ya kiumbe, mwili haupo. Majivu ya volkano yalilowa mvua, yakakanyagwa, yakagumu. Na zina funzo la uhifadhi. Baada ya kufukuliwa zilifunikwa kwa mchanga wa mto uliokuwa na mbegu za migunga, mbegu zikaota, na mizizi ikaanza kupasua tabaka lenye nyayo. Katikati ya miaka ya 1990 ikabidi njia ile ifunguliwe, mizizi iondolewe na ifunikwe upya kwa utaratibu mwingine. Mjue pia kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka leseni kabla ya mtu kuchimba masalia ya kale. Matundu ya kaa wa leo hayahusiki, ila mkikutana na mfupa au unyayo ndani ya jiwe, pigeni picha, uacheni ulipo na mtoe taarifa Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert.

Jambo la mwisho, nalo husahaulika kila mara. Kabla hamjalinyanyua umbo la plasta kutoka mchangani, lichoreeni kwa kalamu isiyofutika mshale unaoelekea juu na mwingine unaoelekea baharini, pamoja na tarehe na namba ya tundu. Likishalazwa mezani darasani, tundu la wima na la ulalo huonekana sawa, na hakuna atakayeweza kuwarudishia mwelekeo huo.